Peugeot 504 ya marehemu baba: dalili, chanzo na dawa ya gari lililolala Mombasa

Mwongozo huu ni wa mtu aliyeachiwa Peugeot 504 na babake, gari likiwa limeegeshwa uani Tudor, Kisauni au Changamwe tangu mzee aache kuendesha, na sasa familia inataka kuliona barabarani tena. Mengi yaliyomo yatamfaa pia mwenye Datsun au Volkswagen ya zama hizo, lakini 504 ndiyo inayoulizwa zaidi. Ilitolewa Ufaransa mwaka 1968, mwaka uliofuata ikapewa taji la gari bora la Ulaya, ikashinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, na hapa Kenya iliendelea kuunganishwa hadi 2004. Ile ya familia, yenye viti safu tatu, ilibeba abiria wa masafa marefu kabla matatu za Nissan hazijatawala barabara.

Hitilafu za gari la urithi huwa za namna mbili: zilizoletwa na kulala, na zilizoletwa na viraka vya mzee mwenyewe. Zilizotokana na kutembea tu ni chache. Kwa hiyo usikimbilie dukani. Kama fundi wake bado yu hai, mtafute kabla hujanunua hata plagi moja, kaa naye kibarazani, mwulize ni kitu gani walikitoa na hawakukirudisha, na ni waya gani waliupitisha njia ya mkato. Jibu la swali hilo litakuokolea pesa kuliko kifaa chochote cha kupimia.

Katika kila dalili hapa chini, sababu zimepangwa kuanzia ile inayotokea mara nyingi. Fuata mpangilio huo hata kama jirani ameshaapa kwamba ni gasketi.

Kabla ya kugusa ufunguo

Gari lililolala zaidi ya mwaka lisiwashwe siku lilipofunuliwa turubali. Shemeji atakuja na betri ya gari lake na waya za kuazima moto. Mpe chai, asiguse kitu.

Fungua boneti. Tafuta kiota cha panya, hasa ndani ya kikasha cha filta ya hewa na juu ya manifoldi, kisha fuata kila waya kwa mkono ukitafuta palipotafunwa. Kiota kikisahauliwa juu ya manifoldi ya ekzosi, ikipata joto unakuwa na moto halisi. Mwaga oili yote uweke mpya. Kama yalitangulia kutoka maji kabla ya oili, au oili ni nyeupe mithili ya maziwa, nenda kwanza kwenye sehemu ya kuchemsha. Toa petroli yote ya zamani kwenye tangi. Ng'oa plagi zote nne, mimina kijiko cha oili nyepesi ndani ya kila silinda, acha ilale usiku mzima.

Asubuhi, plagi zikiwa bado nje, tia gia ya nne, achia hendibreki, lisukumeni polepole uani. Injini ikizunguka, umeshinda nusu ya vita. Ikigoma na magurudumu yakaburuta, ongeza oili, subiri siku kadhaa, jaribu tena mbele na nyuma kwa kutikisa tu. Simama hapa ikiwa bado imekwama: usilifunge nyuma ya lori livutwe. Pete za pistoni zilizoshikana na silinda kwa kutu huvunjika, na kazi ya kusafisha inageuka kuwa oveholi.

Ukigeuza ufunguo ni kimya, au "tak" moja tu

Washa taa kubwa, mtu asimame mbele azitazame unapogeuza ufunguo. Zikififia hadi kuzimika, umeme hautoshi. Zikibaki na mwanga wake uleule, umeme haufiki kwenye stata, yaani mota inayozungusha injini.

Sababu ya kwanza ni betri. Betri nzima iliyotulia husoma takriban volti 12.6, ikisoma 12 kamili, kwa kazi ya stata hiyo imekwisha. Sababu ya pili, na kwa mji wetu inakaribia kuwa ya kwanza, ni vichwa vya betri na waya wa athi, ule unaounganisha betri na bodi na injini. Unga ule wa kijani na mweupe juu ya vichwa unaonekana na kila mtu na unaoshwa kwa maji ya moto na magadi. Usioonekana ni ule ulio upande wa pili wa waya, pale athi inapofungwa kwenye bodi na kwenye injini. Fungua ile bolti. Chini yake utakuta rangi ya kahawia badala ya chuma kinachong'aa, na nyuzi za waya zimekuwa nyeusi, ukizikunja zinakatika kama vijiti. Piga msasa hadi chuma king'ae, badilisha waya mzima, paka grisi juu baada ya kukaza, si kabla.

Mwenye mita ana njia ya haraka: weka ncha moja kwenye kichwa hasi cha betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, mtu ageuze ufunguo. Zaidi ya nusu volti maana yake athi ni mbovu.

Baada ya hapo ndipo ushuku solenoidi ya stata, kisha burashi za ndani ya stata, kisha swichi ya ufunguo. Stata humpa fundi wa waya kazi ya muda mfupi tu na haina haja ya kununuliwa mpya. Kama anakuambia inunuliwe kabla hajaifungua, tafuta mwingine.

Injini inazunguka lakini haishiki

Swali ni moja: imekosa moto, yaani cheche ya plagi, au imekosa petroli? Ng'oa plagi moja baada ya kuzungusha. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, tafuta moto. Ikiwa kavu, tafuta petroli.

Kwa upande wa moto, anza na pointi, vile vidole viwili vinavyokata na kuunga umeme, ndani ya distributa, kifaa kinachogawa moto kwa plagi. Hewa ya bahari huzitia utando mwembamba usiopitisha umeme, na gari lililokuwa likiwaka vizuri siku ya mwisho linakataa kabisa. Pitisha kipande cha msasa laini katikati yake, futa kwa kitambaa kisafi, kisha pima nafasi: milimita 0.4 kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi), pointi zikiwa wazi kabisa. Plagi ni 0.6. Kifuniko cha distributa kikaushe na ukitazame ndani kwenye mwanga wa jua; ufa mwembamba kama unywele, mweusi, unatosha kuiba moto wote. Kisha kondensa, kisha koili, kisha waya za plagi. Ukizichomoa zote kwa pamoja, kumbuka mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2. Watu wengi "wanaoua" injini iliyokuwa nzima huwa wamerudisha waya mbili mahali pasipo pake.

Kwa upande wa petroli, tangi ndilo la kwanza. Petroli iliyokaa miaka huacha gundi yenye harufu kali ya rangi ya mbao, na sehemu ya juu ya tangi iliyokuwa tupu hushika kutu ya ndani. Kusafisha kabureta bila kusafisha tangi ni kujitafutia kazi ile ile wiki ijayo. Baada ya tangi, mipira ya petroli: ikunje, ukiona nyufa itupe yote. Kisha pampu ya petroli iliyo ubavuni mwa injini, ambayo kiwambo chake cha mpira hukauka na kutoboka. Chomoa bomba linalokwenda kwenye kabureta, elekeza kwenye chupa, mtu azungushe injini, utaona kama inapiga. Kiwambo kikitoboka, petroli inaweza kushuka ndani ya oili, basi nusa kijiti cha oili. Kabureta ni ya mwisho. Jeti zake zisafishwe kwa hewa na dawa, zisichokonolewe kwa waya wa chuma, kwa sababu zikitanuka gari litakunywa petroli hadi ulichukie.

Onyo. Yule anayemimina petroli kwa kifuniko cha chupa kwenye mdomo wa kabureta huku mwingine akipiga stata, mwondoe. Injini ikirudisha moto juu, chupa iko mkononi mwake. Kizima moto kiwe karibu, na kazi ya petroli isifanyiwe ndani ya gereji iliyofungwa wala karibu na jiko la jirani anayekaanga mahamri.

Linawaka vizuri, kisha linazima likipata moto

Linazima, unangoja robo saa, linawaka kana kwamba halikuwa na neno. Fungua kwanza kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivutwa kwa nguvu, kitundu chake cha kupumulia kimeziba, na hiyo ndiyo hitilafu ya bei rahisi kuliko zote. Baada yake, koili au kondensa inayokata ikipata joto: gari likizima, pima moto pale pale kabla halijapoa, maana baadaye hutaona kitu. Tatu, bomba la petroli lililohamishwa na fundi wa zamani likapita karibu na ekzosi, petroli ikachemka ndani yake. Rudisha lilipokuwa.

Linachemsha

Hapa ndipo penye malalamiko mengi, na ndipo injini nyingi za 504 zilipofia. Gari linakwenda vizuri hadi Mtwapa na kurudi, kisha linachemsha kwenye foleni ya feri Likoni. Au linachemsha popote. Au linachemsha na maji yanapungua bila kuonekana mvujo. Tofauti hizi zina maana, zisikilize.

*Linachemsha kwenye foleni tu.* Mtuhumiwa ni feni. 504 nyingi zilitoka na feni inayoshikwa kwa sumaku ya umeme: injini ikiwa baridi feni inazunguka kivivu, ikipata moto swichi ya joto inapeleka umeme kwenye burashi ndogo ya kaboni, sumaku inashika, feni inazunguka pamoja na puli. Ni ufundi mzuri sana, na hewa ya chumvi huuchukia. Burashi inakwama kwenye kishikio chake au inaisha kabisa, swichi inakufa, au waya wake mmoja unakatika ndani ya plastiki pasipoonekana. Kupima ni rahisi: injini ikiwa imezimwa, peleka waya kutoka betri hadi kwenye ule wa burashi. Usikie "tak" na feni ishikamane na puli. Ikishika, burashi na sumaku ni nzima, tatizo ni swichi au waya wake. Isiposhika, toa burashi uitazame.

Na huenda ukakuta mzee alikwishachoka nayo: feni imefungwa kwa bolti izunguke muda wote, au imewekwa ya umeme yenye swichi chini ya dashibodi. Mimi siilaumu ile ya kufungwa kwa bolti. Inakula nguvu kidogo na inapiga kelele, ila haimwachi mtu Likoni. Ile ya swichi ya mkono ndiyo hatari, kwa sababu anayeijua ni mzee peke yake.

*Linachemsha popote.* Anza na lililo dogo: maji yanavuja wapi? Tazama mipira ya rejeta, pampu ya maji chini ya puli, na mkanda wa feni. Kama hakuna mvujo, twende kwenye rejeta, na hapa inabidi niseme habari ya kisima. Maji ya visima vingi vya kisiwani na pwani ni ya chumvi chumvi. Mtu anayeyakataa kwenye chai kwa nini ayatie kwenye injini yenye hedi ya alumini? Lakini ndiyo yaliyotiwa, miaka nenda miaka rudi, kwa sababu ndoo ilikuwa pale. Yanaacha ukoko mweupe ndani ya mirija ya rejeta na yanaila alumini kwenye midomo ya maji ya hedi. Fungua kifuniko injini ikiwa baridi, mulika kwa tochi: ukiona mirija imepakwa chokaa, hakuna dawa ya chupa itakayoitosha. Peleka kwa fundi wa rejeta afungue tangi la juu, apitishe fimbo, afunge tena kwa risasi. Gusa pia uso wa rejeta injini ikiwa na moto lakini imezimwa, kwa uangalifu. Sehemu iliyo baridi katikati ya zenye moto ndiyo iliyoziba. Ukishasafisha, tia kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta, iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa, yale yale ya betri.

Kisha thamostati, mlango mdogo unaofungulia maji njia ya kwenda rejeta yakipata joto. Ikikwama imefunga, injini inachemka haraka huku mpira wa rejeta ukiwa baridi. Mafundi wetu wengi dawa yao ni moja, kuitoa na kuitupa, ati huku ni joto. Gari litatembea, kweli. Lakini injini inakaa baridi kupita kiasi asubuhi, inakula petroli na inachakaa upesi. Thamostati inajaribiwa kwa sufuria: itie kwenye maji, washa jiko, itazame ikifunguka kabla maji hayajachemka kwa nguvu. Isipofunguka, nunua nyingine, si ghali.

Pampu ya maji iliyoliwa mapanga ni ya nadra kidogo, ila kwa gari la maji ya kisima ipe nafasi. Saa ya moto, yaani wakati plagi inapopiga cheche, ikichelewa nayo hupandisha joto, na hiyo hurekebishwa kwa kugeuza distributa kwa taa ya saa, si kwa masikio ya mtu.

*Linachemsha, na maji yanapungua bila kuvuja.* Hii ni gasketi ya hedi hadi ithibitike vinginevyo. Injini ikiwa baridi, fungua rejeta, washa, tazama: mapovu yanayokuja mfululizo na kuongezeka ukikanyaga mafuta ni gesi ya silinda. Tazama chini ya kifuniko cha oili. Utando mzito wa rangi ya maziwa ni maji ndani ya oili. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto, wenye harufu tamu ukitumia kulanti, ni dalili nyingine.

Simama hapa na uite mtu anayeijua injini hii hasa. Si kila fundi. Laina za 504, yaani mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka, ni zile zinazozungukwa na maji, zimekaa tu ndani ya bloku na zinabanwa na hedi yenyewe. Hedi ikishanyanyuliwa, mtu akizungusha krenkishafti bila kuzibana laina kwa vyuma na bolti, zinapanda kidogo, mpira wa chini unaachia, na baada ya kufunga kila kitu maji yanateremka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Mwulize fundi: laina utazishika kwa nini? Akikutazama kama umeongea Kichina, mshukuru uondoke. Hedi lazima ikapimwe kwenye karakana ya kusaga injini kama imepinda, urefu wa laina juu ya bloku upimwe, na bolti zikazwe kwa mpangilio na kwa spana ya kupimia nguvu.

Na hili halina mjadala: kifuniko cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa na moto, hata kwa kitambaa. Wala injini iliyochemsha haimwagiwi maji baridi. Zima, fungua boneti, kaa kivulini.

Breki: pedali inazama, au gari linavuta upande

Breki za gari lililolala usizijaribie barabarani. Zijaribu uani, kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Pedali ikizama polepole ukiikanyaga kwa shinikizo moja, na hakuna mvujo nje, mpira wa ndani ya masta silinda, pampu ya breki inayosukumwa na pedali, umekufa. Ikizama lakini inapanda ukipampu, kuna hewa au silinda ya gurudumu inavuja. Tazama upande wa ndani wa kila tairi kama kuna unyevu wa mafuta. Mafuta ya breki hunyonya maji hewani, na katika unyevu wa Mombasa hunyonya kwa pupa. Yakikaa miaka yanakuwa meusi na yanatia kutu masta silinda kutoka ndani. Kwa hiyo gari lililolala linabadilishiwa mafuta yote, si kuongezewa. Tumia DOT 4. Oili ya injini au ya usukani isiingie humo hata tone, maana inavimbisha kila mpira, na utanunua mfumo mzima.

Likivuta upande, au gurudumu likibaki limeshikwa baada ya kuachia pedali, sababu ya kwanza ni pistoni ya kalipa iliyoshika kutu. Ya pili huwashinda wengi: mpira wa breki umevimba kwa ndani. Nje unaonekana mzima, ndani tundu limebaki la kupitisha sindano. Shinikizo la mguu linapeleka mafuta, lakini hayawezi kurudi. Legeza skrubu ya kutolea hewa, gurudumu likiachia hapo hapo, karibu kila mara ni mpira. Ibadilishe yote kwa pamoja, usipige bahati nasibu na mipira ya umri mmoja.

Saluni za mwanzo zilikuwa na diski magurudumu yote manne, za familia zina dram nyuma. Beba ile kuukuu dukani ulinganishe, usiseme tu "za 504". Vumbi la breki za zamani usilipulize kwa kompresa wala mdomo. Pedi za zama hizo mara nyingi zilikuwa na asbesto. Lifute kwa kitambaa kilicholowa, ukitupe.

Hendibreki isisahaulike. Anayeteremka kwenye ngazi ya feri Likoni akiwa na lori mbele na watu wa miguu kila upande ataikumbuka.

Simama kama bomba la chuma la breki limeliwa na kutu popote, kama hujawahi kutoa hewa kwenye breki, au kama pedali bado ni laini baada ya kazi. Gari lisitoke getini. Lipakiwe kwenye gari la kubeba.

Rangi inavimba

Vipele vya rangi kwenye matao ya magurudumu na chini ya milango ni kutu iliyotoka ndani ikija nje, kwa hiyo unachokiona ni sehemu ndogo. Chukua sumaku ndogo ya spika, ifunge kwenye kitambaa, ipitishe bodi nzima. Pale isiposhika ni pati, ule udongo wa kuzibia bodi kabla ya rangi, na pati nene inaficha tundu. Kisha lala chini ya gari, likiwa juu ya stendi na si juu ya jeki peke yake, ugonge sakafu na vizingiti vya milango kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinanyamaza.

Sababu ya kwanza, matundu ya kutolea maji yameziba. Chini ya kioo cha mbele na chini ya kila mlango utakuta mchanganyiko wa mchanga na majani ya mwarobaini uliogeuka udongo, wenye unyevu hata wakati wa kaskazi. Yazibue kabla ya jambo lolote. Sababu ya pili, raba za vioo zimekufa na maji ya masika yanaingia chini ya zulia. Ling'oe zulia lote, usiliamini kwa kulishika. Tatu, chumvi iliyokaa chini ya gari, ambayo maji matamu kila mara yangeiondoa.

Usianze na rangi. Najua inavutia, ndugu na majirani wapate kuona kwamba gari la mzee linang'aa. Rangi ni ya mwisho, na isipakwe wakati wa mvua, kwani unyevu unanaswa chini yake na vipele vinarudi.

Simama kutu ikifika kwenye minara inayoshika shoku za mbele, kwenye vishikio vya mhimili wa nyuma, au pale jeki inaposimama. Saluni ya 504 haina fremu tofauti ya kuitegemea. Bodi ndiyo fremu. Hapo anahitajika mchomeleaji anayekata chuma kilichooza na kupachika kipya, si anayebandika kiraka juu. Betri ivuliwe kabla ya kuchomelea, na tangi litolewe kabisa likawekwe mbali. Tangi tupu ni baya kuliko lililojaa, kwa sababu kilichobaki ndani ni mvuke.

Taa hafifu, fyuzi zinaungua

Karibu kila mara ni athi, kwa sababu zilizokwishaelezwa. Baada ya athi ni kishikio cha fyuzi chenyewe, ambacho huota ukungu wa kijani. Baada yake ni viraka: redio, honi ya pili, taa za ukungu zilizovutwa moja kwa moja kutoka betri bila fyuzi. Ng'oa kila waya usiokuwa na kazi. Fyuzi ikiungua tena na tena usiweke kubwa zaidi wala karatasi ya sigara. Inakuonyesha mahali waya unapogusa bodi. Harufu ya plastiki inayoungua ikitoka dashibodi, vua betri na umwite fundi wa waya siku hiyo hiyo.

Moshi

Mweusi ni petroli nyingi: choki iliyokwama, filta ya hewa, floti ya kabureta. Wa bluu asubuhi tu, kisha unaisha, ni mipira ya valvu. Wa bluu muda wote ni pete za pistoni, lakini lipe gari lililolala nafasi ya kutembea kwa wiki chache na oili mpya kabla hujahukumu, kwani pete zilizoganda mara nyingine huachia zenyewe. Mweupe umeshasomwa juu.

Usukani unatetemeka

Tairi. Hata kama meno yamejaa, tazama tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni: 2311 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2011. Tairi lililosimama mahali pamoja miaka hiyo yote lina bapa upande mmoja na nyufa ndani. Badilisha yote manne na la spea kabla hujalipa mtu kukuangalizia bushi na boljointi.

Gari limepona, lakini logbuku ni ya marehemu

Hii nayo ni hitilafu, na inawashika watu wakati pesa zimekwisha kuliwa na gereji. NTSA, mamlaka ya usafiri inayosajili magari, haihamishi jina kwenye logbuku, yaani hati ya umiliki wa gari, kwa kuambiwa tu kwamba mzee amefariki. Inahitaji hati ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, na kwa familia za Kiislamu njia inaweza kupitia Mahakama ya Kadhi. Ndugu wote wanaorithi wakubaliane mapema, kwa maandishi, gari linakwenda kwa nani na gharama za kulitengeneza zitahesabiwaje. Gari lililokuwa chuma chakavu hakuna anayelitaka. Likishawaka, linapata wenyewe wengi.

Logbuku ikiwa imepotea, anza na kuripoti polisi. Ikiwepo, toka nayo uani ulinganishe namba ya chesisi na ya injini zilizoandikwa na zilizogongwa kwenye chuma. Namba ya injini isipolingana, huenda mzee alibadilisha injini miaka ya nyuma bila kuandikisha. Tafuta risiti yake kwenye mafaili yake ya zamani. Namba ya chesisi isipolingana, au ikionekana imekwanguliwa, usimlipe fundi mwingine hata shilingi kabla hujamwona wakili.